Tiyo za mayi Kalemie: mbele ya kuchimba mutaro kunafanyika nini?

Kila wakati mutaro unachimbwa pembeni ya barabara hapa Kalemie, ulizo ni moja: mayi itafika siku gani? Lakini kuchimba ni kazi ya karibu mwisho. Mambo makubwa yanakatwa mbele, mu biro, na pale wakaaji wengi hatutupe jicho.

Kwanza hesabu. Tuseme karitiye iko na watu 10 000. Kila mutu akipata bidoni moja ya litre 20 kwa siku, ni litre 200 000. Na hiyo ni ya kunywa, kupika na kunawa kidogo tu, kufua nguo hapana. Mu muji wenye ulipokea wakimbizi wengi wa vita ya Watwa na Waluba, hesabu ya zamani haifae tena.

Kisha unene wa tiyo. Wengi wanawaza tiyo ya milimetre 100 inapitisha nusu ya ile ya 200. Hapana: kwa presha ileile inapitisha karibu moja kwa sita. Basi kampuni yenye kuleta bei ya chini kwa kupunguza unene, haituokolee franga hata kidogo. Mulima nao unakula presha: kila metre 10 ya kupanda inakula bar moja. Ndiyo maana wa chini wanajaza bidoni, wa juu robine inatoa hewa.

Inakuja kontra. Sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 juu ya masoko ya Leta inaomba kazi itangazwe wazi, makampuni yashindane. Kupatia kampuni moja bila mashindano ni kwa hali za pekee. Kontra inapashwa kusema aina ya tiyo, urefu wa kwenda chini wa mutaro, muchanga wa kulaza tiyo, na siku ya kumaliza.

Kuna jambo moja lenye kila mukaaji anaweza kufuata kwa macho. Mbele ya kufukia, tiyo inajazwa mayi, inasukumwa kwa presha, inaachwa. Presha ikishuka, kuna mahali panavuja. Mukiona wanaunganisha asubuhi na kufukia magaribi bila kupima, muulize shefu wa shantie kwa heshima, mukiwa pamoja na shefu wa karitiye. Kazi inapokelewa mara mbili: ya kwanza kwa muda, ya pili kisha miezi mingi, mara nyingi mwaka. Kati ya hizo mbili, kampuni ndiyo inatengeneza makosa yake. Andikeni kila mahali panapovuja, na tarehe.

Hii haiko mambo ya mainjenieri peke yao. Kule Uvira, kwenye ziwa letu hili, watafiti walifuata wagonjwa toka 2009 mupaka 2014. Mayi ya robine ilipokatika kabisa, wenye kushukiwa kolera waliongezeka kwa 155% mu siku 12 zilizofuata, ukilinganisha na siku mayi ilitoka vizuri. Watu walirudia ziwa na mito, kama sisi tunavyofanya. Tena Aprili 2020 muto Mulongwe ulifurika na kuharibu mitambo ya mayi paleple Uvira. Kwa hiyo mahali tiyo inavuka muto ni pa kuchunguzwa mu plan, hapana kisha mvua.

Mu mukutano, ulizeni pia nani atalipa umeme wa pompe. Kalemie inapata kura toka Bendera. Ikikatika, hata tiyo mupya inabaki kavu.