Kitabu cha Pateni: Soma Jedwali Kabla ya Picha

Kitabu cha pateni za nguo hukunasa kwa picha. Gauni limekaa, mvaaji kasimama vizuri, kitambaa kinang'aa, na mkono unaingia mfukoni kabla jicho halijafika kurasa za mwisho. Huko mwisho ndiko kwenye mambo ya kuamulia: jedwali la vipimo, karatasi za pateni zilizokunjwa, na maelezo ya kilichohesabiwa na kisichohesabiwa ndani ya ile mistari. Anzia huko. Kitabu kinachokufaa ni kile kilichochorwa kwa mwili unaokaribiana na wako na kinachokuambia wazi kimeacha nini. Mitindo itafuata yenyewe, kwa sababu pateni moja ya blauzi inayokukaa sawasawa huzaa blauzi nyingi: unabadili kola, unabadili mkono, unaongeza urefu.

Vitabu vyenyewe havifanani. Kuna vya mitindo tu, ndugu wa yale mabango yanayobandikwa kwenye kuta za mafundi wetu. Humo mna picha za magauni ya kitenge na hamna mstari hata mmoja wa kukatia. Fundi mzoefu hahitaji zaidi ya hapo. Anakupima, anaandika namba zako kwenye daftari, anachora kwa chaki moja kwa moja juu ya kitambaa na kukata. Ujuzi huo umejengwa kwa miaka ya kukaa na cherehani, na anayeanza nyumbani hawezi kuupata kwa kutazama picha. Anahitaji ama kitabu chenye pateni za ukubwa halisi ambazo atazinakili, ama kitabu kinachomfundisha kuchora pateni kwa vipimo vyake mwenyewe.

Pateni za ukubwa halisi zina historia inayoeleza tabia yake. Ebenezer Butterick, fundi nguo wa mji wa Sterling, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, alianza mwaka 1863 kuuza pateni za karatasi zilizopangwa kwa saizi mbalimbali. Kabla yake pateni ilikuja kwa saizi moja, na mshonaji alijua mwenyewe namna ya kuipanua au kuipunguza. Ujerumani, Aenne Burda alianzisha jarida lake mjini Offenburg mwaka 1950, likawafikia wanawake waliotaka nguo nzuri baada ya vita bila kulipa bei ya duka. Ndani ya jarida hilo hukunjwa karatasi kubwa ambazo pateni zake zimepandana, mstari juu ya mstari, kila kundi kwa rangi yake. Unatafuta namba ya vazi lako na mstari wa saizi yako, unauhamishia kwenye karatasi nyingine. Mara ya kwanza kichwa kinauma. Tandika nailoni nzito inayoonyesha, ile ya kufunikia meza inayouzwa kwa mita, fuata mstari wako kwa kalamu ya wino usiofutika, na usiikate kamwe karatasi ya asili. Ndani yake mna nguo za watu wengine wa nyumba yako.

Sasa jedwali. Kila kampuni huchora kwa mwili mmoja wa mfano kisha hupanua na kupunguza kutoka hapo. Burda humchora mwanamke wa urefu wa sentimita 168. Saizi zake za kawaida zina hesabu rahisi: gawa kifua kwa mbili, toa 6. Mwenye kifua cha sentimita 88 ni saizi 38, mwenye 96 ni 42. Pateni za Marekani, yaani Butterick, McCall's, Vogue na Simplicity, zina namba tofauti kabisa. Saizi 16 humo ni kifua cha inchi 38, kiuno 30 na makalio 40. Namba hizo hazihusiani na namba iliyo kwenye lebo ya gauni lako la dukani, na anayenunua pateni kwa saizi ya dukani karibu kila mara hupata nguo inayobana. Sahau lebo, shika futi.

Tuchukue mwili ambao mafundi wa Afrika Mashariki huupima kila siku: kifua inchi 38, kiuno 33, makalio 44. Kwenye jedwali la Kimarekani kifua hicho ni saizi 16. Kiuno kipo kati ya 18 na 20, na makalio ni saizi 20. Mwenye mwili huu akiamua kushona saizi 20 nzima ili makalio yapite, mabega yatamwanguka na shingo itafunguka mbele kila anapoinama. Dawa yake ni pateni yenye saizi nyingi kwenye karatasi moja. Unafuata mstari wa 16 kwenye shingo, bega na kwapa, kisha chini ya kwapa unaanza kuuacha taratibu kwa rula ya mviringo, unapita kati ya 18 na 20 kiunoni, unatua kwenye mstari wa 20 penye makalio. Hivyo kitabu ambacho kila vazi limechorwa kwa saizi mbili tatu tu, kwa mfano kutoka 36 hadi 40 za Ulaya, hakimfai hata kama picha zake ni nzuri kiasi gani. Tazama mfululizo wa saizi ufike mbali kuliko kipimo chako kikubwa.

Kuna kipimo kimoja ambacho majedwali mengi hayakionyeshi na ambacho kingeokoa blauzi nyingi. Pima kifua cha juu, futi ikipita chini ya kwapa na juu ya matiti, kisha pima kifua chenyewe penye ncha za matiti. Pateni za Marekani huchorwa kwa mwanamke ambaye tofauti ya vipimo hivyo viwili ni kama inchi 2. Ikiwa cha juu ni 34 na kifua ni 38, tofauti yako ni 4. Ukichukua saizi ya kifua cha 38, utapata pia mabega na mgongo wa mtu mpana kuliko wewe. Chukua saizi ya mwenye kifua cha 36, kisha uongeze zile inchi 2 zilizobaki upande wa mbele peke yake, kwa kuikata pateni ya mbele kupitia ncha ya titi na kuifungua. Fungua kitabu uone kama kina mchoro wa kazi hiyo. Kama hakina, mwandishi wake hakuwafikiria wanawake wengi sana, na mimi nakirudisha kitabu hicho kwenye rafu.

Urefu nao uangaliwe. Mwanamke wa sentimita 158 akishona pateni ya mtu wa 168, kiuno cha gauni kitashuka juu ya nyonga zake. Kukata pindo la chini hakurekebishi lolote, kwa kuwa kosa lipo kati ya shingo na kiuno. Pateni nzuri ina mistari miwili iliyokaribiana, imepita katikati ya kipande, ya kukunjia au kuongezea urefu. Mitindo ya vitabu vya Kijapani huchorwa kwa watu wafupi kuliko wa Ulaya, jambo linalowafaa wengi wetu kwa urefu. Hata hivyo saizi zake nyingi huishia mapema. Saizi 9, ambayo huko ni ya kawaida, ni ya kifua cha sentimita 83 hivi.

Jambo linaloumiza wanaoanza kuliko yote ni nafasi ya mshono. Bahasha za pateni za Kimarekani kwa kawaida huwa zimekwisha kuihesabu, tano ya nane ya inchi (5/8), karibu sentimita 1.5 kila ukingo. Karatasi za Burda na vitabu vingi vya Kijapani hazina: mstari unaounakili ndio mstari wa kushonea, na nafasi unaongeza wewe. Hesabu hasara ya kusahau. Gauni lenye mishono miwili ya ubavuni lina kingo nne, kila moja inameza sentimita 1.5, jumla sentimita 6 zimetoka kwenye mzunguko wa mwili. Likiwa na mshono wa mgongoni wenye zipu, kingo mbili zaidi, hasara ni 9. Pateni ilikuwa sahihi, kitambaa kilitosha, na gauni halipiti kifuani. Kabla ya kulipa, tafuta sentensi inayosema kama nafasi ya mshono imo au haimo. Kitabu kisichosema kinakuuzia kitendawili.

Na zaidi ya mshono kuna nafasi ya kupumua. Nguo ya kitambaa kisichovutika lazima iwe pana kuliko mwili, la sivyo huwezi kukaa wala kunyoosha mkono kushika bomba la daladala. Kwa blauzi ya kukaa mwilini, inchi 2 hadi 3 kifuani zinatosha. Vitabu makini huandika vipimo vya nguo iliyokamilika pembeni mwa vipimo vya mwili, nawe unatoa kimoja kwa kingine ukajua nguo itabana au itapwaya. Kitenge ni pamba isiyovutika. Pateni iliyochorwa kwa jezi au kitambaa chochote cha kuvutika hujengwa bila nafasi hiyo, pengine ndogo kuliko mwili wenyewe. Ukiikata kwa kitenge, hutaivaa.

Kitenge kinaleta suala jingine ambalo vitabu vya nje havikulitazamia. Ramani za kupanga vipande humo mara nyingi huchorwa kwa kitambaa cha upana wa sentimita 140 au 150. Kitenge kina upana wa sentimita 115 hivi. Tuseme kitabu kinakupa sketi ya mduara kamili, kiuno sentimita 82, urefu 60. Nusu kipenyo cha tundu la kiuno ni 82 gawanya kwa 6.28, yaani 13. Ongeza urefu 60 na pindo 2, unapata 75. Mduara mzima una upana wa 150, na kwenye kitabu unatoka kwenye kipande kimoja cha mraba. Kwenye kitenge hautoki. Utakata nusu duara mbili, kila moja 75 kwa 150, uziunge ubavuni, na utahitaji kama yadi 3 na nusu. Ukinunua yadi 6, zinabaki 2 na nusu za kutolea blauzi. Ua lenye kichwa na miguu, kama ndege au mti, linataka kitambaa zaidi, maana vipande vyote lazima vielekee upande mmoja. Na fua kitenge kabla ya kukata, pamba hurudi.

Ukiwa na subira, vitabu vya kuchora pateni vina faida kubwa zaidi. Kile cha Winifred Aldrich wa Uingereza, Metric Pattern Cutting, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1976, bado kinatumika vyuoni. Wajapani wana mfumo wa chuo cha Bunka cha Tokyo, unaotoa karibu mwili wote wa juu kutoka kipimo kimoja cha kifua. Upana wa nusu ya mwili ni kifua gawanya kwa 2 ongeza sentimita 6, na kina cha kwapa ni kifua gawanya kwa 12 ongeza 13.7. Kwa kifua cha 96, hiyo ni 54 na 21.7. Ni hesabu nzuri na ya haraka. Tatizo lake ni lile lile la tofauti ya inchi 4 kati ya kifua cha juu na kifua chenyewe: hesabu haijui kama kifua chako kimekua mbele kwa matiti au nyuma kwa mgongo. Kwa hiyo kati ya vitabu viwili vya kuchora, napendelea kile kinachodai upimwe pia upana wa mgongo, urefu wa bega na urefu kutoka shingo hadi ncha ya titi. Kazi inaongezeka kwa robo saa, na unaepuka kufumua. Angalia pia kama hesabu zake ni za inchi au sentimita, na usichanganye. Futi zetu zina pande zote mbili, chagua upande mmoja tangu mwanzo.

Pateni za kuchapisha kwa kompyuta zina mraba mdogo wa majaribio. Upime kwa rula kabla ya kuunga karatasi. Printa ikipunguza kwa asilimia 3 tu, makalio ya sentimita 112 yamepungua zaidi ya sentimita 3. Kwa nguo za watoto, fuata urefu wa mtoto na usifuate umri wake. Saizi 116 ya Ulaya ni ya mtoto wa sentimita 116, awe na miaka mitano au saba.

Ukinunua kitabu cha mkono wa pili, toa karatasi za pateni palepale, uzifungue zote na kuzilinganisha na orodha ya mitindo. Mara nyingi moja imebaki kwa mwenye kitabu wa kwanza. Kama pesa yako inatosha kitabu kimoja, nunua chenye mavazi machache ya msingi, sketi iliyonyooka, blauzi yenye dati za kifuani, suruali na gauni la kawaida, saizi nyingi kwenye kila karatasi, na michoro ya hatua kwa hatua ambayo unaielewa hata ukiziba maandishi kwa kiganja, kwani vingi haviko kwa Kiswahili. Shona blauzi kwanza kwa merikani, uivae, uchore kwa kalamu juu yake kila panapobana na panapopwaya, kisha uhamishie alama hizo kwenye pateni kabla mkasi haujagusa kitenge.