Kratos: Nianzie Wapi?

Nina kibanda cha gemu Nyasubi, hapa Kahama. Wateja wangu wengi ni vijana: mafundi pikipiki, waliomaliza kidato cha nne, wengine wametoka machimboni kupumzika siku mbili tatu. Wengi wao hucheza mpira. Wanalipa kwa mechi, na aliyefungwa anampisha mwenzake. Kwa mpira ushauri wangu ni mfupi. FIFA, ambayo tangu mwaka 2023 inaitwa EA Sports FC, na PES, iliyogeuka kuwa eFootball mwaka 2021, hazidai uanze na toleo la zamani. Toleo jipya hubadilisha zaidi vikosi na jezi. Cheza lililopo.

Kazi ipo kwenye gemu zenye hadithi. Hapo ndipo kijana ananiuliza, "Kaka, God of War nianzie wapi?", na mimi naacha kila kitu nimjibu, kwa sababu nimeshaona wengi wakiichukia gemu nzuri kwa kuingilia katikati.

Anza na ile ya kwanza, ya mwaka 2005, kwenye PS2. Inafunguka mhusika mkuu, Kratos, akijirusha kutoka kwenye mlima mrefu, halafu hadithi inarudi nyuma kutueleza kilichomfikisha pale. Ngozi yake ni nyeupe kama majivu, na kwa nini iko hivyo ni siri unayofunguliwa kidogo kidogo. Wapo wanaoshauri ufuate miaka ya hadithi yenyewe, uanze na Ascension, kwa kuwa mambo yake yalitokea kabla. Sikubaliani nao hata kidogo. Ascension ilitoka mwaka 2013, ikatengenezwa kwa mtu ambaye siri ile tayari anaijua. Ukianza nayo, umejinyima utamu wote wa ile ya kwanza. Fuata mwaka wa kutoka.

Ya pili, ya 2007, nayo ni ya PS2. Ya tatu ilitoka 2010 kwa PS3, na inaanza palepale ya pili ilipoishia, vita vikiwa vimeshawaka. Ndiyo maana anayeanza na ya tatu haelewi nani anamchukia nani. Mwenye PS3 asihangaike kutafuta PS2: zile mbili za mwanzo zipo pamoja kwenye God of War Collection ya mwaka 2009.

Hapa kwetu, hata hivyo, wengi wanakutana na Kratos kwenye simu, kupitia programu ya PPSSPP, inayochezesha gemu za PSP. Kama simu ndiyo uliyo nayo, anza na Chains of Olympus ya 2008, kisha Ghost of Sparta ya 2010. Mwenye PS4 peke yake aanze na ile ya 2018. Kratos amehamia nchi za baridi kaskazini, ana shoka na mtoto wa kiume, na mgeni anaweza kuifuata bila shida mpaka Ragnarök ya 2022. Ila uzito wa baba anayemficha mwanawe alikotoka anausikia vizuri zaidi aliyepita huko naye.

GTA ni nyepesi kuchagua, maana wahusika wakuu hubadilika. Mimi nampa mgeni San Andreas ya 2004. CJ anarudi nyumbani kumzika mama yake, na msiba huo kila mtu anauelewa hata Kiingereza kikiwa kigumu. Pale kinapokuwa kigumu natafsiri kwa sauti, kama Lufufu alivyokuwa akitafsiri filamu, na Kisukuma kidogo nachanganya.

Jambo moja la kibandani: gemu ya hadithi haiishi kwa siku moja. Nunua memori kadi yako ya PS2, ile ya megabaiti 8, uje nayo na uondoke nayo. Kwenye kadi ya kibanda, mwenzako anahifadhi juu ya safari yako na unaanza upya. Na hifadhi kila unapopata nafasi, umeme haupigi hodi.

Wazazi wenzangu na wenye vibanda, God of War na GTA zina damu na mambo ya kikubwa. Ulaya zimewekewa alama ya miaka 18. Mtoto wa shule ya msingi asianzie popote. Mpeni mpira.