Swali Kubwa la Warusi

Wandugu wengi hudhani ya kuwa filozofia ya Warusi ni ile ya Lenin tu. Sivyo. Zamani kabla yake, wenye elimu wa Urusi walibishana juu ya swali moja: Je, taifa letu lina njia yake, ao sharti lifuate njia ya Ulaya ya magharibi?

Aliyewasha moto ni Piotr Chaadaev. Mwaka wa 1836 gazeti Teleskop la Moscow lilitoa barua yake, aliyokuwa ameiandika kwa Kifransa. Alisema Urusi haikuwapa watu wa dunia hata wazo moja, sababu ilijitenga na umoja wa wakristu wa magharibi. Mfalme Nikolai I alikasirika. Gazeti likafungwa, na Chaadaev akatangazwa kuwa mwenye wazimu. Mganga akatumwa kumwangalia nyumbani mwake.

Lakini kumfunga mtu kinywa si kumjibu. Wasomi wakagawanyika. Belinsky na Herzen walisema: tujifunze kwa Ulaya elimu, sheria na uhuru wa mtu. Khomiakov na Kireevsky walijibu: tusidharau mali yetu, ndiyo imani ya wazee wetu na shirika la kijiji, ambamo mashamba ni ya wote. Lakini tuangalie vema: pande zote mbili zilichukia utumwa wa wakulima, uliokomeshwa mwaka wa 1861. Tena Herzen mwenyewe, alipokwisha kuishi Ulaya na kuona mapinduzi ya 1848 yakishindwa, alianza kulisifu shirika lile la kijiji.

Baadaye akatokea Vladimir Soloviev (1853-1900). Yeye alitenga mapendo ya taifa na majivuno ya taifa. Thamani ya taifa, alifundisha, hupimwa kwa kazi ambayo Mungu amelipa kwa faida ya mataifa yote. Kwa hiyo, katika kitabu kilichotoka Paris mwaka wa 1889, aliwaalika Warusi kukubali ukubwa wa Petro katika Eklezya nzima. Wengi wa kwao walimkataa.

Sisi tunaosoma filozofia kwa Kifransa na kuhubiri kwa Kiswahili, swali hilo si geni kwetu. Anayesifu desturi za wazee, na anayezicheka, wajiulize kwanza: Je, ninazijua? Na zinaweza kuwafaa nani, zaidi yetu sisi?