Weusi na Weupe wa Mwiba wa Nungunungu

Mkulima wa muhogo wa Kisarawe, au wa upande wa Kibaha karibu na msitu wa Ruvu Kusini, hana haja ya kuelezwa nungunungu ni mnyama gani, kwani aghlabu hukuta alfajiri mihogo imefukuliwa na kutafunwa, na pengine mwiba umedondoka kando ya tuta. Mwiba huo ukiugeuza mwangani utauona mweusi, kisha mweupe, kisha mweusi tena, na mipaka yake ni dhahiri.

Asili yake ni unywele ulionenepa na kuwa mgumu kwa keratini, dutu ile ile ya kucha zetu. Nao hukua kwa kusukumwa kutoka shinani, ndani ya ngozi, hata ncha ikawa kongwe na sehemu iliyo karibu na mwili ikawa changa. Huko shinani zimo seli zitengenezazo melanini, ambayo ndiyo rangi yenyewe, na kuzigawia seli nyingine zinazojenga mwiba ungali laini: zikitenda kazi, sehemu inayoota wakati huo hutoka nyeusi, zikisita, hutoka nyeupe, na iliyokwisha kutoka haigeuki tena, maana haina uhai. Basi mapaku yale ni tarikhi ya mwiba, iliyoandikwa kuanzia nchani. Unywele wa sungura wa porini nao una mkanda wa manjano, kwa kuwa protini iitwayo aguti huzielekeza seli zile, kwa muda mfupi tu, ziache melanini nyeusi na kutengeneza ya manjano.

Amma madoa ya kanu na chui ni kazi ya mahali, si ya wakati, kwani ramani yake hupangwa katika ngozi ya kijusi kabla ya kuzaliwa. Mwaka 1952 Mwingereza Alan Turing alionyesha kwa hesabu kwamba kemikali mbili ziathirianazo, zikienea kwa kasi mbalimbali, zaweza kujipanga zenyewe katika madoa au mistari. Na mwaka 2012 wataalamu walibaini kwamba hitilafu katika jeni moja, Taqpep, ndiyo iunganishayo madoa ya baadhi ya duma yakawa mistari.

Faida ya weusi na weupe kwa mnyama atembeaye usiku ni onyo, kama ilivyo kwa kicheche na nyegere. Nungunungu harushi miiba, kama wengi wadhanivyo. Hurudi kinyumenyume akamchoma adui, na miiba ikabaki mwilini mwake. Mwaka 1965, huko Darajani nchini Kenya, aliuawa simba mla watu ambaye mwiba wa nungunungu ulikuwa umemzama puani.