Hii inafunga, ile inafungua: dawa za tumbo na siri ya mufuko wa mama mukubwa

Wandugu, leo nataka tuongee juu ya choo. Mucheke kwanza, kiisha mubaki, juu kati yetu tunaosoma hapa kuna wengi wanaobeba hii shida kimya kimya. Wanaingia ku farmasi, wanaongea na sauti ya chini, wanapewa kidonge ao chai ya majani, wanarudi nyumbani. Kisha siku tatu mambo ni yaleyale.

Mimi siko munganga. Nilisomea kilimo, udongo naujua kuliko tumbo. Lakini mama mukubwa wangu, anayeuza maharagi ku soko ya Kadutu, hapa Bukavu, alikaa miaka tatu na tumbo yenye kufunga, na mimi njo nilikuwa namununulia dawa. Nilikuwa namununulia mbili: bisakodili ya kufungua tumbo, na tramadoli juu ya magoti yake yenye kuuma. Farmasi ileile, siku ileile, ndani ya mufuko mumoja. Hakuna hata mara moja tulionyesha karatasi ya munganga, na hakuna mutu alituuliza.

Siku tulimupeleka kwa munganga, swali la kwanza halikuwa juu ya tumbo. Alisema: « Mama, mwaga hapa juu ya meza kila dawa unakunywa. » Mama mukubwa akamwaga. Munganga akashika tramadoli: « Hii njo inafunga. » Akashika bisakodili: « Na hii inafungua. Munalipa zote mbili zije kupigana ndani ya tumbo ya mama. »

Nilisikia haya kabisa. Tangu siku ile nilianza kusoma.

Tuanze na mayi. Kila siku lita 8 hivi ao 9 za mayi zinapita ndani ya utumbo mwembamba: yale tunakunywa, pamoja na mate, nyongo, na mengine mwili wenyewe unatoa. Sehemu kubwa inanyonywa palepale. Ndani ya utumbo mpana inafika karibu lita moja na nusu, na mwishoni, ndani ya choo chenyewe, inabaki mililita 100 hadi 200 tu. Utumbo mpana kazi yake ni kukausha. Kama mambo yanatembea polepole, unakausha kupita kiasi, na kinachobaki ni vidonge-vidonge kama mavi ya mbuzi. Kwa hiyo kuna milango miwili tu ya kusaidia: kurudisha mayi ndani, ao kufanya utumbo utembee. Karibu dawa zote nitakazotaja zinapita kwa moja ya hiyo milango, zingine kwa yote mbili.

Na nani anaweza kusema kweli iko na ugonjwa? Siyo kila mutu asiyeenda choo kila siku. Kwenda mara tatu kwa siku ao mara tatu kwa juma, vyote viko ndani ya kawaida. Waganga wanaangalia vitu kama kukosa kufikisha mara tatu kwa juma, kujikaza sana, choo kigumu, kusikia kama bado kuna kitu kinabaki, ao kulazimika kutumia kidole. Kama mutu ana mambo hayo mawili ao zaidi kwa miezi tatu, na shida yenyewe ilianza miezi sita mbele, hapo njo inaitwa ya kudumu. Kuna pia picha inayotoka chuo kikuu cha Bristol, Uingereza, ya mwaka 1997, inayogawa choo kwa aina 7. Ya 1 na ya 2 ni ngumu, ya 3 na ya 4 ni nzuri. Munganga anakuonyesha picha, unaweka kidole, haya inaisha. Hiyo peke yake nilisikia ni akili nyingi.

Sasa dawa. Mulango wa kwanza, wenzangu wa kilimo watauelewa mbio. Umewahi kuona mutu anatupa ngumi nzima ya ure kwenye shina la muhindi mudogo? Kesho yake majani yameungua. Siyo moto: mbolea imekuwa nyingi ndani ya udongo, inavuta mayi kwake, na muzizi unabaki bila kitu. Laktulozi na makrogoli zinafanya vile ndani ya utumbo. Haziingii ndani ya damu, ao zinaingia kidogo sana. Zinabaki ndani ya bomba na kushika mayi, choo kinalainika.

Laktulozi ni siro tamu. Imetengenezwa na sukari mbili zilizofungwa pamoja, galaktozi na fruktozi, lakini mwili wetu hauna chombo cha kuzikata. Inafika nzima mpaka ku utumbo mpana, na kule bakteria wanaila. Wakiila wanatoa asidi na gazi. Njo maana tumbo inavimba na kuguruma siku za kwanza, na watu wanaiacha. Na haifanyi kazi leo ile ulikunywa: inaomba siku moja ao mbili. Mutu anayekunywa asubuhi na kulalamika mangaribi hakuelezewa.

Makrogoli ni unga ndani ya sashe, unaouchanga na mayi. Bakteria hawawezi kuila, kwa hiyo gazi ni kidogo. Lakini hii dawa inashika yale mayi uliyokunywa nayo; ukiikunywa na mayi ya kijiko, umeinunua bure. Mwaka 2023 vyama viwili vya waganga wa tumbo vya Marekani vilitoa maelekezo pamoja, na makrogoli iko kati ya zile walizosimamia kwa nguvu. Laktulozi waliiweka chini kidogo, kwa kesi ambamo zingine hazikusaidia.

Kuna pia dawa zenye manyezi. Zinavuta mayi vilevile, lakini mutu mwenye figo dhaifu asiziguse bila munganga, juu manyezi ikibaki ndani ya damu inaharibu moyo na mishipa.

Mulango wa pili ni kuamsha utumbo. Hapa njo kuna bisakodili na sene. Kidonge cha bisakodili kinafanya kazi kisha saa 6 hadi 12, ndiyo maana wanakikunywa usiku. Kimefunikwa na ngozi ili kisifunguke ndani ya tumbo ya juu. Ukikikunywa na maziwa ao na dawa ya asidi, ile ngozi inaisha mapema, na kinakukata tumbo vibaya. Mama mukubwa alikuwa anakikunywa na chai ya maziwa. Kila mara.

Sene yenyewe ni mumea, na hapa muniruhusu niongee kama mutu wa shamba. Ile ya dawa ni Senna alexandrina, inatoka maeneo makavu kama Sudani na India, na iko ndani ya orodha ya dawa za lazima ya OMS. Huku kwetu tuko na jamaa zake: ile tunayopanda kwa kuni na makala ni Senna siamea. Nimeona watu wanachuma majani ya hii juu ya jina tu. Jamaa moja ya mimea siyo dawa moja, na hakuna anayejua kipimo ndani ya sufuria. Kipimo kinachojulikana ni kile kilichoandikwa ku sanduku ya farmasi.

Wengi wanaogopa kwamba hizi dawa za kuamsha « zinaua utumbo » milele. Kwa kipimo cha kawaida hiyo haijathibitishwa. Shida inayojulikana ni kupitisha: mutu anaongeza mbili, tatu, nne, anaharisha, anapoteza mayi na potasiamu, na potasiamu ikishuka misuli inalegea, ile ya utumbo pia. Halafu anafunga tena, anaongeza tena. Waganga wengi wanazitoa kwa muda mufupi, ao kama ya kuokoa tu siku ngumu.

Zile zote zikishindwa, kuna dawa za karatasi ya munganga kabisa kabisa. Zile mimi sikuziona ku farmasi za mutaa wetu, lakini ni muzuri kuzijua, juu siku moja utazisoma ku ordonansi ya mutu wako aliyetunzwa Kigali ao Ulaya.

Prukaloprideya inagusa serotonini. Tunaisikia kama kitu cha kichwa na furaha, kumbe sehemu kubwa ya serotonini ya mwili iko ndani ya utumbo, na kule inatoa amri ya kutembea. Hii dawa inashika kitufe kile. Ulaya iliikubali 2009, Marekani kwenye mwezi wa 12 wa 2018. Ni kidonge kimoja kwa siku, miligramu 2. Wazee wanaanza na 1. Mbele yake kulikuwa sisapride, iliyoamsha tumbo vizuri lakini ikavuruga mapigo ya moyo. Marekani iliondolewa sokoni mwaka 2000. Njo maana hii mpya ilichunguzwa sana upande wa moyo mbele ya kukubaliwa.

Linaklotide inanishangaza zaidi. Munajua kuna koli bakteria ya ndani ya mayi machafu, inayoleta kuharisha. Sumu yake inagonga mulango mumoja ku ukuta wa utumbo, na ule ukuta unamwaga chumvi na mayi. Watafiti walitazama ile sumu, wakatengeneza kitu kidogo chenye amino-asidi 14 kinachogonga mulango uleule, ila kwa kipimo. Marekani iliikubali mwaka 2012. Inakunywewa na tumbo tupu, nusu saa mbele ya chakula cha kwanza. Na mutoto mudogo haipewi kabisa, juu anaweza kukauka na kufa. Onyo limeandikwa ku sanduku yenyewe. Iko ingine, lubiprostone, ya 2006, inayofungua njia za kloridi ili mayi yafuate. Hiyo inakunywewa na chakula, la sivyo kichefuchefu kinakushika.

Turudi kwa tramadoli, juu hapa njo nilikosea. Tramadoli, kodeini, mofini, zote ni familia moja. Zinashika vitufe vya maumivu ndani ya kichwa na uti wa mugongo, lakini vitufe vyenye sura ileile viko pia ndani ya utumbo. Vikishikwa, utumbo unasinzia. Mwili unazoea dawa kwa mambo mengi, lakini kwa kufunga choo hauzoei vizuri. Kwa wagonjwa wanaohitaji mofini kweli, kama wa kansa, kuna dawa zilizotengenezwa kufungua vitufe vya utumbo peke yake bila kuondoa kazi ya kichwani: metilinaltreksone, naloksegoli. Lakini mama wa magoti hakuhitaji hiyo. Alihitaji mutu auliza kwa nini anakunywa tramadoli miaka tatu.

Na siyo tramadoli peke yake. Kinini za feri za wamama wajawazito zinafunga. Amitriptilini inafunga. Dawa za asidi zenye aluminiumu, na zingine za tansio, vilevile. Dada zangu wenye mimba, kama feri inakufunga, musiitupe dirishani: rudini ku konsiltasio, museme. Kuna namna ya kupanga, na damu kidogo wakati wa kuzaa ni hatari kuliko choo kigumu.

Neno moja juu ya chakula, juu kila mutu alikuwa anamwambia mama mukubwa « kula mboga ». Anauza maharagi! Anayakula kila siku, na gramu 100 za maharagi yaliyopikwa zinatoa kama gramu 6 hadi 9 za nyuzi. Sombe na lengalenga havikosi nyumbani. Nyuzi zinasaidia wengi, hasa wale wa bugali na samaki tu, ila zinaomba mayi. Na kama utumbo umelazwa na tramadoli, kuongeza nyuzi ni kuongeza mizigo kwenye gari isiyo na motere.

Sasa mambo ambayo hayaombi dawa ya kufungua, yanaomba hospitali leoleo. Tumbo imevimba, unatapika, hata gazi haitoki: huenda utumbo umezibwa, na kwa watoto wetu hata fundo la minyoo linaweza kuziba. Homa na tumbo yenye kuuma: fikiria tifoide. Tifoide inaweza kufunga choo, na inaweza kutoboa utumbo. Kinshasa waliona hiyo wazi mwishoni mwa 2004 na mwanzoni mwa 2005. Mutu kama huyo ukimupa purge, ao ukimuwekea pilipili kwa nyuma na ule mupira, unaweza kumumaliza. Damu ndani ya choo, kukonda bila sababu, ao kufunga kunakoanza kwa mutu aliyepita miaka 50: hapo paka munganga aangalie kama siyo kansa. Mutoto muchanga asiyetoa choo cha kwanza ndani ya siku mbili, vilevile.

Mama mukubwa munganga alimutoa tramadoli polepole, siyo siku moja, juu mwili uliyoizoea unagoma. Kwa magoti alimupa parasetamoli na mazoezi, na akamukataza kubeba gunia peke yake. Bisakodili ilisimama. Akapewa makrogoli, sashe moja asubuhi na gilasi nzima ya mayi, na kiti kidogo cha kuweka miguu akikaa chooni, magoti yapande. Juma ya kwanza alinipigia simu kunitukana, ati nimemupeleka kwa munganga wa unga. Juma ya tatu alinyamaza. Mwezi wa pili nilipita ku soko, akaniita mbele ya wateja wote, sauti juu kabisa: « Mwanangu! Ile unga yangu imebaki sashe mbili! »