Ramani ya bure kwa waendesha baiskeli wa Birmingham

Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, baiskeli nyingi zilizopita katika barabara za vumbi za Afrika Mashariki zilitoka katika mji mmoja wa Uingereza. BSA zilitengenezwa Small Heath, mtaa ulio upande wa mashariki wa Birmingham. Hercules zilitoka Aston, nazo Phillips zilitoka Smethwick, kando tu ya mji huo, ambako pia kampuni ya Brooks ilitengeneza matandiko yake ya ngozi. Raleigh, ambayo huenda wengi wakaikumbuka kwanza, ni ya Nottingham.

Hata hivyo, mji huo uliowapa walimwengu baiskeli ulikuja kuwa mgumu kwa mtu anayeziendesha. Mhandisi wa mji, Herbert Manzoni, alibuni mpango wa kulijenga upya eneo la katikati kwa ajili ya motokaa. Barabara ya kukizunguka kitovu cha mji ilikamilika mwaka 1971, na mwaka uliofuata yakafunguliwa makutano ya barabara kuu ya Gravelly Hill, ambayo kwa jinsi yalivyosokotana Waingereza waliyabandika jina la tambi. BSA yenyewe iliiuzia Raleigh tawi lake la baiskeli mwaka 1957, na kampuni ikaanguka mwaka 1973.

Mkazi wa Small Heath anayetaka leo kwenda katikati ya mji kwa baiskeli anaweza kuwa nayo baiskeli, lakini asijue apite wapi. Barabara fupi huenda imejaa malori. Ya pili huenda ikaishia kwenye daraja la ngazi. Ya tatu hupita kando ya mfereji, nayo haina taa. Mtu akikosea mara moja, akajikuta katikati ya magari yaendayo kasi, aghalabu baiskeli hiyo hurudi uani na kukaa huko.

Vyama vya waendesha baiskeli vimekuwa na ujuzi huo siku zote. Kimojawapo ni Push Bikes, chama cha watu wa kujitolea kinachowatetea waendesha baiskeli wa Birmingham na kutoa maoni juu ya mipango ya barabara ya halmashauri ya mji. Tatizo la vyama vya namna hii lilikuwa jinsi ya kuutoa ujuzi huo vichwani mwa wachache na kuuweka mahali ambapo kila mtu angeuona. Katika miaka ya 2000 jawabu lilikuwa tovuti. Kuandaa tovuti yenye ratiba ya safari za Jumapili na anwani ya barua pepe ni kazi ya siku chache. Kuweka ramani ndani yake lilikuwa jambo jingine kabisa, na hapo ndipo vyama vidogo vilipokwama.

Ramani ni mali ya nani?

Uingereza haina upungufu wa ramani. Idara ya Ordnance Survey imekuwa ikiipima nchi hiyo tangu mwaka 1791. Lakini ramani zake zinalindwa na hakimiliki ya Taji. Mtu akiweka karatasi angavu juu ya ramani hizo na kuchora njia ya baiskeli, mchoro wake umetokana na kazi ya mwingine, na kuuchapisha kulihitaji leseni. Kampuni kubwa iliweza kulipa. Chama kinachoishi kwa ada za wanachama kilipaswa kufikiri mara mbili. Ramani za kampuni za intaneti nazo, ingawa kuzitazama ni bure, haziruhusu kunakiliwa hivi hivi, na zaidi ya hayo zilichorwa kwa ajili ya dereva wa gari. Ni mwaka 2010 tu ambapo serikali ilifungua sehemu ya takwimu za Ordnance Survey zitumiwe na yeyote.

Kufikia wakati huo kulikuwa na watu waliochoka kusubiri. Mwaka 2004, mjini London, Steve Coast alianzisha OpenStreetMap, mradi wa ramani ya dunia inayochorwa na wananchi wenyewe, kwa mfano wa kamusi elezo ya Wikipedia. Kila anayechora hukubali kwamba kazi yake itumiwe na wengine bila malipo, mradi chanzo kitajwe.

Kazi yenyewe haikuwa na fahari. Mtu alifunga kwenye usukani wa baiskeli kifaa kinachopokea mawimbi ya setilaiti, akapita mtaa mmoja baada ya mwingine, akiandika majina ya barabara katika daftari. Jioni alihamisha alama hizo kwenye kompyuta, na mstari wa safari yake ukawa barabara katika ramani. Birmingham ilipata kikundi cha wachoraji wa aina hiyo, Mappa Mercia, na mwezi Septemba mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa OpenStreetMap ulifanyika katika Chuo Kikuu cha Aston.

Mwendesha baiskeli anapochora ramani huandika mambo ambayo dereva hayaoni. Je, njia ina lami au changarawe? Je, kuna lango lililojengwa kuzuia pikipiki, ambalo pia humzuia mama mwenye baiskeli ya kubebea watoto? Je, barabara ya upande mmoja inaruhusu baiskeli kurudi? Katika mji wenye zaidi ya kilomita 50 za mifereji, maswali hayo si ya kupoteza wakati. Pale Farmer's Bridge, katikati ya mji, mfereji unateremka kupitia malango 13 ya maji, na njia iliyo kando yake huteremka kwa vipande vya mwinuko mkali. Katika ramani ya kawaida mahali hapo ni mstari mmoja mwembamba ulionyooka.

Chungu kimoja, wapishi wengi

Faida ya kuchora ramani iliyo mali ya wote ni kwamba chama cha Birmingham hakilazimiki kutengeneza kila kitu chenyewe. Mfano ni CycleStreets, mradi usiotafuta faida uliotokana na chama cha waendesha baiskeli cha Cambridge na kuanza kuihudumia Uingereza nzima mwaka 2009. Programu yake huchukua takwimu za OpenStreetMap, hukipa kila kipande cha barabara alama kulingana na jinsi kinavyofaa kwa baiskeli, kisha humwonyesha msafiri njia tatu: ya haraka, tulivu, na ya kati. Mkazi wa Birmingham akisahihisha kosa la mtaani kwake, anayetafuta njia ya kupita hapo hupata masahihisho hayo bila kujua yametoka wapi. Vivyo hivyo FixMyStreet, iliyoanzishwa na shirika la mySociety mwaka 2007, humwezesha mtu kuonyesha shimo la barabarani kwenye ramani, na taarifa ikapelekwa katika halmashauri inayohusika.

Neno tulivu lakini linahitaji tahadhari. Kompyuta huihesabu njia ya mfereji kuwa tulivu kwa sababu haina magari. Saa kumi na moja jioni ya mwezi Desemba, giza likiwa limekwisha kuingia, mwanamke anayetoka kazini peke yake anaweza kuuogopa utulivu huohuo kuliko malori. Hofu haina alama yake katika ramani. Wachoraji huweza kuandika kama njia ina taa au haina, na hiyo yafaa, ila hukumu ya mwisho hubaki kwa anayepita.

Tena kuna wasiofikiwa na tovuti kabisa. Halmashauri ya Birmingham ilipoanza, mwaka 2015, kugawa baiskeli za bure kwa wakazi wa mitaa yenye kipato kidogo chini ya mpango wa Big Birmingham Bikes, ilibidi utoaji huo uandamane na mafunzo, kwa kuwa katika mitaa hiyo wako watu wazima ambao hawakuwahi kupanda baiskeli maishani. Wengine wametoka Pakistan, wengine Bangladesh, na wengine ni Wasomali. Ukurasa wa Kiingereza, hata ukiwa na ramani nzuri namna gani, haumfundishi mtu kushika breki. Hapo hupaswa kuwapo mtu wa kukimbia nyuma yake akishika tandiko.

Wasikilizaji wa Afrika Mashariki hawatauona utaratibu huu kuwa mgeni. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kukichora kitongoji chao katika OpenStreetMap, kwani katika ramani zilizopatikana kwa umma palikuwa kama uwanda mtupu. Mjini Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatuma wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi kupima mitaro na nyumba katika mitaa inayokumbwa na mafuriko. Njia ya baiskeli ya Birmingham na mtaro wa Tandale vimo katika hifadhi moja ya takwimu.

Ugumu huja baada ya shangwe za uzinduzi. Katika vyama vidogo ni kawaida neno la siri la tovuti kujulikana na mtu mmoja, na mtu huyo akihama mji, ukurasa hubaki ukitangaza safari za miaka mitatu iliyopita. Ramani nayo huzeeka. Njia ya baiskeli ya barabara ya A38, iliyotengwa na magari kutoka Selly Oak kuelekea katikati ya mji, ilifunguliwa mwaka 2019, na ramani yoyote iliyochorwa kabla yake ikawa inampeleka msafiri kwingine.

Mwezi Septemba mwaka 2023 halmashauri ya Birmingham ilitoa ilani rasmi kwamba haiwezi kusawazisha mapato na matumizi yake. Mwezi Julai mwaka 2024, baada ya vifo barabarani, halmashauri hiyohiyo ilitangaza hali ya dharura ya usalama wa barabarani. Njia zilizotengwa na magari hugharimu mamilioni ya pauni na huchukua miaka kujengwa. Kuandika katika ramani kwamba lango fulani la mfereji limeondolewa, au kwamba taa za njia fulani zimezimika, kwahitaji mtu mmoja aliyepita hapo asubuhi na ambaye jioni ana nusu saa ya kukaa mbele ya kompyuta.