SHAFTI YA MASHINE YA KUSAGA: TUPA, KEREZO AU JIWE?

Mashine ya kusaga ya kijiji ikisimama, akina mama hurudi kwenye kinu. Wengine hujitwisha mahindi mpaka kijiji cha jirani. Mara nyingi kilicholika ni shafti, pale inapokaa beringi. Kamati inataka kumlipa fundi. Je, mlipie kazi gani?

Kwanza tazameni sehemu gani inatengenezwa. Matundu ya bolti hayana shida. Bolti ya milimita 12 hupita katika tundu la milimita 13. Tundu likizidi kidogo, nati na washa zitabana. Kekee inatosha. Msilipe zaidi ya hapo.

Beringi ni jambo jingine. Chukua milimita 1, uigawe sehemu 100. Karatasi ya daftari ina unene wa karibu sehemu 10 hizo. Sasa, kama tundu la beringi ni milimita 40, kwa kawaida shafti yake haitakiwi kupungua chini ya 40. Wala haitakiwi kuzidi zaidi ya sehemu 2 hivi. Ikipungua, beringi huteleza juu ya shafti na kuila. Ikizidi mno, beringi hubanwa, hupata moto na kufa.

Tupa haiwezi kazi hiyo. Mkono huacha mabonde, na shafti haiwi duara. Wako mafundi wanaozungushia kipande cha kopo, au wanaodonoadonoa shafti kwa sindano ya chuma ili beringi ikaze. Mashine itasaga siku chache, kisha mtachangishana tena.

Shafti iliyolika hujazwa chuma kwa kuchomelea, kisha hukerezwa. Kwenye kerezo zima, fundi hodari hufikia usawa wa sehemu 2 mpaka 5. Kwa beringi, hapo ni bahati. Jiwe la kunolea la mashine hufikia sehemu 1 au chini yake. Kwa hiyo fundi akereze kwanza, aache sehemu 20 au 30, kisha amalizie kwa jiwe. Gharama ya jiwe ni kubwa, lakini ilipeni pale penye beringi tu. Shafti nzima haihitaji.

Nendeni karakana na beringi mpya. Mwombeni fundi apime mbele yenu kwa maikromita, si kwa rula. Tena shafti ipimwe ikiwa imepoa. Shafti ya milimita 40 ikizidi joto kwa nyuzi 40, hunenepa karibu sehemu 2.